Mashavu ya Luteni Ambrose

Jumanne moja ya Oktoba, mjini Bath, Tabitha Wray aliketi dirishani penye mwanga mzuri, chai ikipoa pembeni. Kazi yake ilikuwa kuchora sura za watu kwenye vipande vya pembe ya ndovu, vidogo kama yai la kware. Picha aliyoivaa yeye kifuani ilikuwa ya mumewe, Luteni Ambrose, aliyekuwa vitani Amerika. Nyuma ya picha hiyo alikuwa ameweka kishungi cha nywele za mumewe, kama walivyofanya wake wa maofisa.

Siku hiyo aliona mashavu ya Ambrose pichani yamepauka.

“Ni jua tu hilo, wifi,” alisema Lettice, dada yake Ambrose, mdomo umejaa andazi. “Rangi yako huijui? Picha ya mke wa meya si ilipauka mpaka akadai umemzeesha!”

Tabitha hakucheka. Alifungua kioo cha picha, akayapaka mashavu rangi nyekundu, akaifungia picha sandukuni. Asubuhi ilikuwa imepauka tena. Hata midomo. Akapaka. Ikapauka. Akapaka.

“Akipauka kabisa atakufa,” alinong'ona. “Nitamshikilia mpaka apone.”

Siku ya kumi na moja alikuwa hali wala halali. Lettice alimpokonya brashi, akaitupa motoni.

“Basi, wifi. Utakufa wewe.”

Kufikia jioni sura yote ilikuwa nyeupe. Tabitha alimchukia wifi yake kwa moyo wote. Kwa miezi miwili hawakusemeshana.

Ndipo ikaja barua ya kapteni wa Ambrose. Risasi ilimpata tumboni, na daktari alisema hatamaliza usiku. “Aliteseka siku kumi na moja. Kila alipokaribia kukata roho, mashavu yalirudi kuwa mekundu ghafla, naye akapiga mayowe: Mwambieni Tabitha aniachie. Jamani, aniachie.”

Tabitha alikaa sakafuni. Hakuwa na wa kumwomba radhi.

Ndani ya barua mlikuwa na kitambaa walichomfutia uso kabla ya kumzika. Kilikuwa na doa.

“Damu yake,” Lettice alinong'ona, akilia.

Damu ya miezi miwili huwa ya kahawia. Doa hili lilikuwa jekundu, bichi, na Tabitha aliijua rangi aliyoisaga kwa mkono wake. Katikati ya doa ulinasa unywele mmoja wa kindi, wa brashi yake.