Sauti ya Aliyeshonwa Mdomo

Watu walicheka kabla Fridah hajasema neno.

Alikuwa nyuma ya pazia, maikrofoni mkononi, macho kwenye kiskrini chake kidogo. Malkia mwenye pembe alikuwa amemkaba shingo jemadari wake mwongo, na Fridah alikuwa ameshapanga kichwani mzaha wa kumtilia malkia mdomoni: kwamba shingo hiyo ni laini kama ya kuku wa harusi. Akafungua mdomo. Pumzi haijatoka, ukumbi mzima ukaangua kicheko, watu wakapigapiga mabenchi. Fridah akadhani wanacheka kitu kingine. Akasema mzaha wake. Kimya. Mtu mmoja huko mbele akauliza, "Si ushasema hiyo?"

Ukumbi wenyewe ulikuwa nyuma ya soko la Mwatate, wa mabati, madirisha yamezibwa kwa blanketi ili jua la alasiri lisiharibu picha. Mumewe, Crispus, ndiye aliyeuanzisha. Mwanzoni walionyesha mpira, kisha filamu za ngumi, na wateja walikuwa wa kuokoteza. Mambo yalibadilika Crispus alipoleta katuni za watu wazima: majoka, wachawi wa kike, wafalme wanaokula mioyo ya wanaowadanganya. Zilikuja kwa lugha ambazo hakuna mtu Taita nzima aliyezijua. Fridah akakaa nyuma ya pazia akazigeuza Kiswahili, yeye peke yake, sauti zote: mzee, mtoto, joka, malkia.

Wakaja wakata mkonge, wakaja mama wa sokoni wakishamaliza kuuza, wakaja watu wa boda. Noah, mwanaboda aliyekuwa hakosi benchi la mbele, alieleza vizuri kuliko wote kwa nini. "Kwenye filamu ya watu, mtu akikatwa, nakumbuka zile ajali za Maungu. Moyo unaniuma. Lakini huyu amechorwa. Anakatwa, anaamka, anakatwa tena. Unacheka na roho yako safi."

Kosa, kama lilikuwa kosa, lilikuwa limefanyika kabla ya siku hiyo. Katika katuni ya malkia mwenye pembe kulikuwa na kiumbe aliyetupwa kisimani, mdomo umeshonwa kwa uzi mweusi. Filamu nzima hakuwa na neno hata moja. Alitazama tu. Siku moja Noah akampazia Fridah sauti, "Mama Cynthia, mpe sauti huyo naye! Anatutazama bure!" Ukumbi ukaitikia, mpe, mpe. Fridah alikuwa mtu wa kupenda kusifiwa, na siku hiyo alikuwa ameshasifiwa mpaka amelewa. Akaishusha sauti chini kabisa ya koo, ikawa nzito na ya taratibu, kama mtu anayeburuta gunia sakafuni.

"Asante, Fridah," akasema, akikitolea sauti kile kiumbe. "Nimengoja sana."

Watu walishangilia mpaka mabati yakatetemeka. Usiku huo, akiwa amelala, Fridah alijiuliza ni kwa nini alitaja jina lake mwenyewe. Hakukumbuka kuliwaza.

Sasa, baada ya kile kicheko kilichotangulia neno, Crispus alipita nyuma ya pazia uso umemkunjuka kwa furaha.

"Leo umewaua, mke wangu. Na ile sauti ya wa kisimani! Ile ya mwisho, umeitoa wapi?"

"Sauti gani? Mwisho nilikuwa nakunywa maji."

"Wacha mchezo," Crispus akasema, akatoka kuhesabu viti vya kuongeza.

Tangu hapo mambo hayakurudi kuwa sawa. Nyuma ya pazia kukaanza kunuka ngozi ya mbuzi iliyolowa, ile mbichi, kabla haijatiwa chumvi. Fridah alifagia, akamwaga dawa ya choo, akaanika pazia juani siku nzima. Harufu ilikuwa hapo hapo, na ilikuwa karibu zaidi kila alipoleta maikrofoni mdomoni. Halafu sauti zake zikaanza kupotea. Ya mtoto ndiyo iliyotangulia: aliitafuta kooni akaikosa kabisa, kama mtu anayepapasa mfukoni, lakini watazamaji waliendelea kuisikia, nzuri kuliko alivyowahi kuitoa. Ikafuata ya malkia. Simu alipompigia binti yake, Cynthia, aliyekuwa akilelewa na bibi yake huko Wusi, mtoto aliuliza, "Ni nani?" Fridah akasema ni mama. Mtoto akasema polepole, "Mama alishapiga asubuhi."

Fridah hakuwa amepiga.

Halafu likaja la Noah.

Ilikuwa Jumamosi, ukumbi umejaa mpaka watu wamesimama. Katika filamu, malkia alipita kando ya kisima, na kiumbe akainua kichwa. Fridah alikuwa ameweka maikrofoni chini makusudi, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeziba mdomo wake, na hata hivyo sauti ikatoka kwenye spika, nzito, ikiburuta, na alipoitafuta ilikotokea akagundua kwamba ulimi wake unacheza ndani ya kinywa kilichofungwa, unagonga meno, unapanga maneno yasiyo yake.

"Noah," ilisema. "Wewe wa benchi la mbele. Unacheka hapa, na jirani yako Harrison amevua viatu mlangoni kwako."

Watu walicheka kuliko siku zote. Walimgeukia Noah, wakampigia makofi. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Noah naye akacheka, akacheka tena, kisha akainuka akatoka, na pikipiki yake ikasikika ikipanda barabara ya Wundanyi kwa fujo.

Kwake alimkuta Everlyne, mkewe, peke yake, anafua nguo za watoto. Hapakuwa na Harrison wala viatu. Lakini Noah alikuwa ameshafika na hasira yake, na hakutaka kurudi nayo. Majirani walipomwokoa Everlyne mikononi mwake, taya lake lilikuwa limevunjika pande zote mbili. Noah akalala rumande.

Fridah na Everlyne waliimba kwaya moja. Alimtembelea hospitalini na uji kwenye chupa. Everlyne alikuwa amefungwa waya mdomoni. Alimtazama Fridah kwa muda, bila chozi, kisha akageukia ukutani.

"Si mimi, Eve," Fridah akanong'ona. "Nakuapia. Si mimi niliyesema."

Akaiacha chupa ya uji kando ya kitanda, akaondoka.

Fridah aliporudi Mwatate alidhani ukumbi utakuwa mtupu, kwamba watu wataona haya. Aliukuta umejaa mpaka nje. Wote walitaka kusikia nani atatajwa. Yule mwanamke aliyepiga vigelegele alikuwa amekuja na dada zake.

"Tufunge, Baba Cynthia," alimwambia mumewe nyumbani, kwa sauti iliyokuwa imebaki kama mkwaruzo. "Kuna kitu kimeniingia. Kinanitoka kama matapishi na siwezi kukizuia."

"Umechoka tu."

"Nimechoka? Eve analishwa kwa mrija!"

"Shh! Majirani." Crispus alitazama mlango. "Noah alikuwa mtu wa kupiga siku zote. Usijibebeshe. Tukifunga sasa, watasema tumekubali makosa."

Aliyemsaidia ni wifi yake, Teresia, dada ya Crispus. Yeye hakuuliza mengi. Alimsikia Fridah akiomba chumvi mezani, kwanza kwa mkwaruzo wake, kisha kwa ile sauti nyingine, ombi lile lile, na akaacha kula. Kesho yake aliwachukua wote wawili, mume na mke, mpaka Kaloleni, Voi, kwa Bi Rukia, mwanamke mnene, mpole, aliyejulikana kwa kusomea watu wenye majini. Bi Rukia alikuwa ameagiza kwamba mwenye ukumbi lazima awepo.

Bi Rukia alifukiza ubani, akamfunika Fridah shuka jeupe, akasoma. Alisoma muda mrefu. Mwishowe harufu ya ngozi mbichi ikaushinda ubani.

"Umeingiaje kwa mja huyu?" Bi Rukia akauliza.

"Sikuvunja mlango," sauti ikajibu kutoka chini ya shuka. "Nilikuwa mtazamaji kama wengine. Nilikaa nyuma. Nikapewa mdomo, nikaupenda."

"Wataka nini?"

"Watu wanipende. Wananipenda."

Bi Rukia akamgeukia Crispus. "Baba, huyu alikaribishwa kwenye ukumbi wako, akakulia kwako. Mimi nimemlegeza. Sasa mwambie aondoke, kwa kinywa chako, kama unavyomtoa mgeni. Atatoka."

Fridah alikuwa ndani ya mwili wake kama mtu aliyefungiwa chumba cha nyuma cha nyumba yake mwenyewe. Alisikia kila kitu na hakuweza kuinua hata kidole, na alimwona mumewe kupitia weupe wa shuka akisogea, akipiga magoti, akiinamisha kichwa karibu na sikio lake kama alivyofanya walipokuwa wachumba, na akangoja lile neno moja, toka, neno ambalo mtu humwambia hata paka, lakini Crispus alitazama kwanza kama Teresia anasikia, akanong'ona:

"Si ungengoja kidogo? Krismasi si mbali. Watu wanarudi kutoka Nairobi na Mombasa. Baada ya hapo umwache."



"Na huyu mwanamke?" sauti ikauliza. "Sauti zake zinakaribia kuisha. Zikiisha, natafuna kilicho chini yake."

Crispus alifikiri. Fridah alimwona akifikiri.

"Ana nguvu," akasema. "Atavumilia."

Kitu kilicheka chini ya shuka, kicheko cha raha, cha mtu aliyekuwa amebanwa kwenye chumba kidogo akaonyeshwa ukumbi. "Bwana mkubwa," kikasema, "kwako kuna nafasi kuliko hapa."

Fridah akakohoa. Alikohoa mpaka akadhani mapafu yanatoka, na alipovuta pumzi tena ilikuwa nyepesi, tupu, yake. Akajifunua shuka. Crispus alikuwa bado amepiga magoti, kichwa chini, mikono imeshika koo lake mwenyewe. Alipokiinua alitabasamu, na tabasamu lilikuwa pana mno kwa uso ule.

"Twendeni," akasema. "Shoo ni saa nane."

Teresia alianguka miguuni pa Bi Rukia, akalia, akaomba amsomee kaka yake. Bi Rukia alikuwa tayari anazima chetezo.

"Mwanangu, mie humtoa jini aliyemwingia mtu. Huyu kamwita kwa kinywa chake, tena mbele yangu. Sina cha kumsomea. Labda mke. Ukumbi ni wao wawili. Mke akimwambia mgeni aondoke, huenda akamsikia."

Fridah alikuwa ameshatoka nje. Alipanda Wusi bila kupitia nyumbani. Huko alikaa, akalima na mama yake, na koo lake likarudi kidogo kidogo: siku moja alimwita Cynthia kutoka bondeni na mtoto akaja mbio bila kuuliza ni nani. Fridah alilia hapo hapo katikati ya viazi.

Habari za Mwatate zilipanda mlima. Kwamba ukumbi unajaa kila siku. Kwamba Crispus anaongea bila maikrofoni na anasikika mpaka stendi. Kwamba amewataja watu, na ndoa zimevunjika, na mzee mmoja amejinyonga, na jioni hiyo hiyo ukumbini hapakuwa na pa kukaa.

Kisha Teresia akaja mwenyewe, amekonda.

"Wifi, nakuomba. Najua alichokufanyia. Lakini hali chakula, halali usingizi. Neno moja tu, Bi Rukia amesema. Ukiambie kitoke."

Fridah alimtazama Cynthia aliyekuwa akicheza uani. Ni baba ya mtoto huyu, alijiambia. Akavaa viatu.

Walifika Mwatate jua likiwa kali. Ndani ya ukumbi mlikuwa na giza na joto na ile harufu, lakini hakuna aliyeziba pua. Fridah alisimama mlangoni mpaka macho yakazoea. Skrini ilikuwa nyeupe tupu. Hapakuwa na filamu. Mbele ya ule weupe, kwenye stuli, alikaa Crispus, mifupa na shati, anaongea kwa sauti ya joka, kisha ya mtoto, kisha ya malkia, sauti zote za Fridah, nzuri, zimepangwa vizuri, na mkononi alikuwa na koleo la fundi.

"Lingine?" ikauliza sauti ya malkia.

"Lingine!" ukumbi ukaitika.

Koleo likaingia mdomoni. Teresia akapiga ukelele na kukimbia nje, lakini hakuna aliyeusikia, kwa jinsi watu walivyokuwa wakicheka. Jino lilianguka sakafuni. Kijito chekundu kikashuka kidevuni, kikaingia kwenye kola.

"Yataota tena!" mtu akapaza sauti kutoka katikati, akijifuta machozi ya kicheko. "Si ni katuni tu!"

Hapo Crispus akamwona. Koleo likasimama. Uso wake ulilegea, lile tabasamu pana likaondoka, na macho yaliyomtazama Fridah yalikuwa ya mtu aliyemwoa, yamejaa maji.

"Mama Cynthia," akasema, kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, ya kupasuka. "Sema. Neno moja tu. Nakuomba."

Ukumbi wote ukageuka kumtazama. Neno lilikuwa hapo, limekaa juu ya ulimi, na koo lake lilikuwa zima kabisa. Kwenye benchi la mbele mwanamke mmoja alimsogezea watoto wake, akapangusa nafasi kwa leso.

"Kaa hapa, mama, utaona vizuri," akamnong'oneza. "Ndiyo inaanza kunoga."

Fridah akafunga mdomo wake. Akaketi.