Glasi Ileile

Jumapili mchana, kando ya mto Bardauni hapana pa kutia mguu. Mji wetu wote wa Zahle huwa umeshuka kula mikahawani: kina mama na dhahabu zao shingoni, watoto wanakimbizana chini ya meza, wahudumu wanapita ubavu ubavu na sinia za nyama iliyotwangwa, inayoliwa mbichi, na nanaa. Kwa hiyo kila mtu alimwona Hiyam alipoingia peke yake. Gauni jekundu, viatu virefu, nywele zimekatwa juu ya shingo. Alivuta kiti na kuagiza araki, pombe kali ya zabibu, kabla hata ya chakula. Mwanamke, peke yake, na araki! Shingo ziligeuka. Hiyam alizitazama moja moja mpaka zikarudi zilikotoka, na mimi nakwambia, mji wetu ulikuwa unahitaji mtu wa kuutazama hivyo.

Meza ya jirani alikaa Iskandar, shati jeupe lililokunjwa mikono, ndevu zenye mvi za kuanzia. Alimimina araki kwenye glasi yake, kisha akatumbukiza barafu, na maji hajayagusa.

"Kaka!" Hiyam alishindwa kujizuia. "Unafanya nini hapo?"

"Nakunywa, bibie."

"Hunywi, unaua. Araki kwanza, halafu maji, barafu mwisho. Ukitanguliza barafu inafanya ngozi juu. Mama yako hakukufundisha?"

"Mama yangu angeniona saa hizi, angenichapa na kandambili."

"Sasa?"

"Sasa tangu umeingia natafuta neno la kukwambia, silipati. Nikaona nikosee kitu, labda utanigombeza."

Hiyam alicheka mpaka akashika kifua. "Na kazi yako nini, mwongo wewe?"

"Natengeneza araki. Kama baba yangu, na baba yake."

Mzee Tannus, mhudumu, alipita na sinia ya glasi safi, akaziondoa zilizotumika bila kuulizwa. Kwetu araki haimiminwi mara mbili katika glasi moja. Bizari tamu inayotiwa ndani yake inaacha utando kwenye kioo, na utando unaharibu raundi inayofuata. Mwenyeji akisahau jambo hilo atasemwa hadi Krismasi.

Iskandar akahamia meza ya Hiyam. Hiyam alikuwa na baa Beirut, mtaa wa Badaro, lakini baa ilikuwa kisingizio tu. Kazi yake hasa ilikuwa kusafiri na kuonja. Alikuwa amekunywa Meksiko, kwa watu wanaochoma mkonge ndani ya shimo mpaka kinywaji kinanukia moshi wa jikoni. Alikuwa amekunywa ramu ya Jamaika, ile ambayo harufu yake ya ndizi zilizopita kuiva inakufikia kabla ya glasi. Tokyo alisimama kaunta akimtazama mzee mmoja anachonga barafu kwa kisu, taratibu, hadi ikawa duara, naye akasahau kunywa.

"Na kote huko unatafuta nini?" Iskandar aliuliza.

"Babu yangu alichovya kidole kwenye araki akanipa nilambe, nikiwa mtoto. Nimezunguka dunia natafuta cha kukishinda kile kidole. Sijakipata bado."

"Mbona basi nasikia huko Beirut kuna watu wanaitia araki matunda na kuitikisa kwenye kopo?"

"Anayeitikisa ni mimi."

"Dhambi hiyo."

"Njoo Alhamisi uionje dhambi yangu."

Alikwenda. Alimkuta nyuma ya kaunta, shati jeusi, mikono wazi. Hiyam alikamua balungi, akapiga majani ya nanaa kwenye kiganja, akatia araki na chumvi kidogo kwa ncha ya kidole, akatikisa kopo hadi likaota ukungu. Iskandar akaonja. Akaweka chini. Akachukua tena.

"Vipi?"

"Mbaya."

"Mbona glasi tupu?"

"Nilitaka nihakikishe."

Basi, simu za Iskandar zikaanza.

"Habibti, mpenzi wangu, zabibu zimeiva, nimekukumbuka tangu asubuhi."

"Kumbe mpaka ziive? Zingeoza je?"

"Ningekuja kwa miguu kukuchukua."

"Njoo tu kwa gari, mzee wangu, magoti hayo si ya kuvuka milima."

Siku moja Hiyam alimweleza yote, bila kushusha macho. Kwamba aliwahi kuolewa akiwa binti mdogo, na mwanaume aliyekaa mezani akimhesabia glasi na kumwonya mbele ya wageni. Kwamba kanisa lilikuja kuibatilisha ndoa hiyo, akatoka na sanduku na pasipoti. "Tangu siku hiyo hanihesabii mtu," alisema.

"Mimi ni wa kumimina, si wa kuhesabu," Iskandar akajibu, na Hiyam akampenda kwa neno hilo, akampenda kweli.

Ikafika siku ya kukeneka, kuichemsha araki mpya na kukinga mvuke wake. Nyumbani kwa kina Iskandar siku hiyo ni kubwa kuliko arusi. Mtambo wa shaba unawashwa alfajiri uani, ukoo wote unakuja, viazi vinafukiwa kwenye majivu, watu wanakula na kunywa huku araki inadondoka tone kwa tone. Mama Iskandar, mjane, alikaa kichwani mwa meza na sweta lake jeusi. Hiyam alivaa koti la kijani na skafu ya hariri, akaleta chupa kutoka Meksiko. Aliinama kwenye mtambo, akanusa, akasema, "Punguzeni moto, inaanza kuungua." Wanaume walitazamana. Walipopunguza, ikawa kweli.

Nadhani hapo ndipo Mama Iskandar alipochukia. Shangazi mmoja alikuwa amekwisha kumnong'oneza habari za ndoa ya kwanza. Basi Iskandar aliponyoosha mkono na chupa kumwongezea Hiyam, glasi safi zikiwa bado zinaoshwa jikoni, mama akaifunika glasi ya Hiyam kwa kiganja.

"Mwanangu, umesahau desturi? Sisi hatumimini araki yetu kwenye glasi iliyokwisha kutumika."

Alisema hivyo akimtazama Hiyam usoni. Meza nzima ilielewa.

Hiyam akamgeukia Iskandar, akangoja. Iskandar aliinamisha kichwa. Mbele yake palikuwa na kiazi cha moto. Akakichukua, akaanza kukimenya.

Hiyam akasimama, akafunga skafu. "Asante kwa chakula, mama," akasema, akaondoka huku viatu vyake virefu vikigonga sakafu hadi getini.

Siku zikapita, simu zikalia bure. Theluji ilikuwa imefunika milima Hiyam alipopokea.

"Habibti, nisikilize. Mama ni mtu mzima, ana maneno yake..."

"Mama yako sina ugomvi naye. Alisema la moyoni, tena kwa sauti. Wewe ulimenya kiazi."

"Niliogopa kuharibu siku."

"Siku iliharibika, Iskandar. Nawe ukala kiazi chako na chumvi."

"Nije Beirut? Nikuletee nini?"

"Usiniletee kitu. Lile neno lilisemwa mezani mbele ya watu, na jibu lake liko mezani mbele ya watu. Kama huna ubavu huo, niache na shughuli zangu. Nimeishi vizuri kabla yako." Akakata, kisha akalia, na wateja wakiwa palepale. Hakujificha.

Theluji ilipoyeyuka na mikahawa ya mtoni kufunguliwa tena, alipokea ujumbe wa Iskandar: *Jumapili, Bardauni. Mama atakuwepo, na ukoo wote. Njoo.*

Alikwenda. Gauni lilikuwa lilelile jekundu. Meza ilikuwa ndefu, na Mama Iskandar kichwani na sweta lake. Iskandar alimvutia Hiyam kiti kando yake, akamimina araki, maji, barafu. Wakanywa.

Mzee Tannus akaja na glasi safi. Alipofikia glasi ya Hiyam, Iskandar akamshika mkono.

"Hiyo iache, mzee."

"Imetumika, bwana."

"Naona." Akasimama. Chupa ikagonga ukingo wa kioo. Akatia araki kwenye glasi ileile, juu ya utando wake, akatia maji, akatia barafu. Meza za jirani ziligeuka kutazama. Unajua watu wetu.

"Mama," akasema kwa sauti, "glasi hii imefika Meksiko, imefika Jamaika, imefika Japani, na yote iliyoyaonja imerudi nayo. Mimi sitaki nyingine. Siku ile ulipoisema vibaya nilimenya kiazi, na aibu hiyo ni yangu, si yake." Akainywa yote. "Hiyam, ukubali nikuoe au ukatae, hili nafsi yangu ilikuwa inanidai. Lakini kubali."

Mama Iskandar uso ulimwiva kwa hasira. "Umeharibu araki," akasema. "Utando wote umeingia humo."

"Ni kweli, mama," Hiyam akajibu. "Tena maji amezidisha." Akachukua glasi ya Iskandar, nayo imetumika, akajimiminia mwenyewe. "Maana na huyu si mpya. Au hamjamtazama?"

Mtu akacheka mwisho wa meza, kisha wote wakacheka, isipokuwa mama. Mama alichukua glasi safi, akamsogezea mwanawe ammiminie, macho kwenye mto. Hakubariki. Lakini hakuondoka, na siku hiyo haikuwa yake kubariki.

"Kwa hiyo?" Iskandar akauliza chinichini. "Ni ndiyo?"

Hiyam akainywa hadi mwisho, akaiweka glasi tupu mbele yake.

"Msimu ujao mtambo naulinda mimi," akasema. "Viazi utamenya wewe. Vyote."