Njia ya Meitamei

Alama ya tairi ilianzia getini, ikapita chini ya mlango wa mbele uliokuwa umefungwa, ikakata sebule na kukoma mbele ya kochi. Paskalina aliiona alfajiri alipoamka kubandika chai. Ilikuwa nyembamba, bado mbichi, nyeupe ya maziwa, na ilinuka moshi. Akamwuliza mumewe nani kaingiza baiskeli ndani. Ludovick akamjibu akiwa bafuni kwamba nyumba hii haina baiskeli, na kweli haikuwa nayo. Ilikuwa nyumba ya Njiro, ya ukuta mrefu na seng'enge juu, yenye magari mawili. Paskalina akapiga deki.

Kilichomsumbua ni namna alama ile ilivyoisha. Tairi likiingia ndani ya nyumba lazima ligeuke, au lirudi lilikotoka. Hili lilifika mbele ya kochi likakoma, basi.

Sisi wa Sakina tungemwambia inafanana na nini. Huku kwetu, pembeni ya barabara ya Nairobi, kuna njia ya baiskeli inayokoma vilevile. Njia hiyo tumepigwa nayo danadana miaka. Walikuja wapimaji wakapigilia vigingi, vikaoza. Wakaja watu wa semina, wakala, wakaondoka. Mwisho ikaja rangi: kipande kifupi cha lami kilichopakwa buluu na kuchorwa baiskeli, na jioni ileile malori yakaegesha juu yake. Mbele ya kipande hicho kuna mtaro mkubwa unaoshusha maji ya Mlima Meru, na haukuwa na mfuniko. Njia ikafika hapo ikakwama, na wenye baiskeli wakarudi katikati ya malori kama zamani. Ukiuliza unaambiwa mradi uko katika hatua nzuri. Hatua nzuri, jamani, na watu tunazika.

Msimamizi wa kipande hicho alikuwa huyu Ludovick, mhandisi katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Mtu wa Marangu, msomi, wala si mwizi; hapo namtendea haki. Ubaya wake ni kwamba aliwaogopa wakubwa zake kuliko alivyomwogopa Mungu. Wageni wa mradi walipotangaza kwamba wanakuja kukagua, mifuniko ya zege ilikuwa haijaletwa. Ludovick akaamuru mtaro ufunikwe kwa mbao, mbao zipakwe buluu na mstari mweupe upite juu yake, ili kwenye picha njia ionekane imevuka. Kiini macho kitupu. Wageni wakapiga picha, wakapanda magari yao, wakaenda kula. Mbao zilikuwa zitolewe wiki inayofuata, na hazikutolewa.

Meitamei hakujua habari za picha. Alikuwa Mwarusha wa Ngaramtoni, muuza maziwa, na kila alfajiri alishuka mjini na baiskeli yake yenye madumu kwenye karia, akipiga kengele kila penye nyumba ya mteja. Maziwa yake tuliyajua kwa harufu, maana mkewe Nosim alifukiza kibuyu kwa mkaa wa mti wa oloirien, kama wafanyavyo kwao, kabla ya kuyatia humo. Siku hiyo aliona njia imevuka mtaro. Akaiacha barabara ya malori, akaingia kwenye buluu, na nadhani moyoni aliishukuru serikali. Mbao zikakatika. Gurudumu la mbele likazama, yeye akarushwa barabarani, na lori lililokuwa linakuja halikuwa na pa kumkwepea. Maziwa yalitiririka mpaka upande wa pili wa lami.

Sasa sikiliza walichofanya. Badala ya kufunika mtaro, walisimika kibao. Wazo lilikuwa la Ludovick, akalitoa kikaoni, akapongezwa: njia ipewe jina la marehemu, iwe kumbukumbu. Kibao kikasimama palepale penye mtaro, kikavishwa kitambaa, na siku ya uzinduzi Ludovick akamleta mtoto wake wa pekee, Evelyn, msichana wa kidato cha tano mwenye sauti nzuri ya kwaya, avute kitambaa na asome kwenye kipaza sauti. Evelyn akasoma, "Njia ya Meitamei." Watu wa ofisi wakapiga makofi.

Nosim alikuwa ameshakwenda ofisini kuwaomba wasiandike. Kwao mtu akishazikwa, jina lake huachwa lilale naye. Wazee bado wanalishika hilo, hata walio Walutheri safi, na ndugu wakitaka kumtaja husema "yule wetu" na kila mtu anaelewa. Aliwekwa kwenye benchi mpaka mchana. Ludovick alimsikiliza akiwa amesimama, funguo za gari mkononi, akamwambia kwamba hiyo ni heshima, wengine wanaitafuta hawaipati. Akaenda kula.

Ile alama ya kwanza ilikuja baada ya uzinduzi huo, na alfajiri iliyofuata alama nyingine ilivuka kochi.

Paskalina alideki tena. Harufu ya moshi ikabaki kwenye mapazia, kwenye mito, mpaka kwenye mkate. Mara akasikia kengele ya baiskeli koridoni, mlio mmoja mfupi, mchana kweupe, redio ikiwa imezimwa. Akaita wenzake wa jumuiya, wakasali rozari, wakanyunyiza maji ya baraka kila chumba, na walipofika Salamu Maria ya mwisho kengele ikalia nyuma ya migongo yao, na mama mmoja akaondoka hata viatu hajavaa vizuri. Ludovick alisema ni upepo. Upepo gani unapiga kengele, hakueleza.

Lakini kila alfajiri alama ilisogea. Ilipita meza ya chakula, ikapita jiko, ikakata kona ya koridoni bila kugusa ukuta, na Ludovick ambaye sasa alikuwa halali tena vizuri alianza kuamka saa ya maziwa, ile saa baridi ya Julai ambapo ukungu wa mlimani umekaa juu ya mabati, akasimama gizani na taulo shingoni akisikiliza cheni ikizunguka taratibu nje ya geti, kisha ndani ya geti, kisha kwenye vigae, na mtu asiyeonekana akihema kama anayepandisha mzigo mzito, mpaka pale vyote vilipokoma kwa pamoja, na palipokoma ndipo asubuhi walipoikuta alama imeishia. Siku moja waliikuta mlangoni kwa Evelyn. Viatu vyake vya shule, alivyoviacha nje ya chumba, vilikuwa vimejaa maziwa mpaka juu, ya vuguvugu, yenye harufu ya mkaa.

Hapo Ludovick akajua kinachotafutwa. Alijikaza kisabuni kwa mambo yote mengine, lakini mtoto alikuwa mmoja tu. Siku hiyo hakwenda kazini, akapanda Ngaramtoni.

Alimkuta Nosim anakamua. Hakukaribishwa kiti. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani, "Mama, anakuja kwangu."

"Nani?"

"Mei..."

"Usimtaje hapa," Nosim akasema, bila kugeuka. "Umemwita mtu, amekuja. Unashangaa nini?"

Ludovick akaeleza yote, alama, kengele, viatu. Nosim akamwuliza nani hasa aliyelitamka jina lile kwanza pale penye kibao. Aliposema ni binti yake, mikono ya Nosim ikaacha kukamua, na kwa mara ya kwanza akamtazama yule mtu usoni.

"Umemtuma mtoto," alisema.

Kisha akamwambia la kufanya, na hakulipamba kwa maneno. Kibao king'olewe. Mtaro ufunikwe kwa kitu cha kukanyagika, ili yule wao apite, afike alikokuwa anakwenda na apumzike. Kimoja bila kingine ni kazi bure. "Na huyo binti mwambieni, akisemeshwa na mtu wa baiskeli asijibu. Hata salamu asiitikie, wala asiitoe."

Kibao Ludovick alikwenda kuking'oa mwenyewe Jumapili, kwa sururu, nasi tulimtazama. Lakini zege lina taratibu zake. Zege linataka kikao, na kikao kinataka mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa safarini. Unajua alichofanya? Alileta mbao. Mbao mpya, nene kuliko za kwanza, akasimamia zikipigiliwa, na kwa sababu rangi ilikuwapo ofisini, zikapakwa buluu.

Nosim alishuka na majani mabichi mkononi na kibuyu cha maziwa, kumwombea amani mumewe mahali alipoangukia. Alipofika mtaroni akaigonga ile buluu kwa kisigino.

"Hizi ni mbao," alisema.

"Za muda tu, mama."

"Hata zile zilikuwa za muda."

Aliyamwaga maziwa hata hivyo. Alituambia baadaye kwamba alifanya kwa ajili ya yule msichana, asiye na kosa, na kwamba baba yake angemwacha aliwe mzima mzima.

Alama zikakoma. Harufu ikatoka kwenye mapazia. Paskalina alitaka wamweleze Evelyn lile onyo la kutosalimia, lakini Ludovick akakataa: mtoto ana mitihani, atatishika bure, na jambo lenyewe limeshakwisha. Wakakubaliana kunyamaza. Evelyn akaruhusiwa kurudi kwenye tuisheni yake ya Jumamosi, iliyokuwa huku kwetu Sakina.

Kuna kitu kimoja ambacho Ludovick, na usomi wake wote, hakukifikiria. Kibao kilikuwa kimesimama pale muda wa kutosha. Makonda walikuwa wamekiona, na konda akishapata jina la kituo hulitoi mdomoni mwake kwa sururu. Kutwa nzima ilikuwa ni Meitamei, wapo Meitamei, Meitamei mwisho wa gari. Na sisi wengine tulikuwa hivyohivyo. Mwenye genge alikuwa anauza nyanya Meitamei, bodaboda walikuwa na kijiwe chao Meitamei, na vijana waliagana kukutana Meitamei saa kumi. Mtu wa watu alikuwa anaitwa tangu kunapambazuka mpaka magari yanalala, na njia ya kupita hana.

Jumamosi hiyo kulikuwa na manyunyu na giza lilikuwa linaingia mapema. Ludovick alikuwa sebuleni kwake Njiro, miguu juu ya kochi lile. Akampigia binti yake kumwuliza amefika wapi.

"Nimeshuka Meitamei, baba," Evelyn alisema. "Navuka mtaro hapa nikapande gari la mjini."

Ludovick akasimama. Alitaka kumwambia arudi nyuma, asikanyage ile buluu, apite barabarani, hapana, asipite barabarani, asimame tu palepale alipo amngoje, na maneno yote hayo yalikuwa yanagombania mlango mmoja wa koo lake wakati katika simu, katikati ya mvua na honi na makonda wakiliita jina lile kwa sauti zao kavu, aliposikia kengele ya baiskeli, mlio mmoja mfupi, karibu kabisa na mtoto wake, na cheni ikizunguka taratibu, na mtu akihema kama anayepandisha mzigo mzito.

"Evelyn, usimsalimie. Evelyn!"

Lakini simu ilikuwa imeshashushwa sikioni. Walimlea vizuri, na mtoto aliyelelewa vizuri hamsalimii mtu mzima huku simu ikiwa sikioni. Ludovick alisikia kwa mbali sauti ile ya kwaya, yenye adabu zote.

"Shikamoo."

"Marahaba," mwanamume akaitikia. "Ni wewe uliyeniita?"

Halafu mbao zikalia.