Bwawa Lililokausha Tangi

Kila asubuhi Sitara aliteka maji, akampelekea mama yake jikoni, akapiga deki ukumbini, ndipo akavaa sare na kwenda shule. Walikaa ghorofa ya pili ya jengo la zamani katika mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Chini kulikuwa na ua wenye bomba, na juu ya paa palikuwa na tangi moja kubwa lililolisha bomba hilo na familia zote. Mwezi ule mji ulikuwa kwenye mgao wa maji. Wapangaji walichangishana, boza, lori la kubeba maji, likaja Ijumaa kujaza tangi, na maji hayo yalipaswa kufika Ijumaa nyingine. Aliyesimamia michango alikuwa Bushiri, baba yake Sitara, mwenye duka la vyombo vya plastiki na vitu vya watoto kuchezea.

Dukani kwake kulikuwa na bwawa la kupuliza lililokosa mnunuzi mwaka mzima. Boksi lake lilipoanza kutafunwa na panya, Bushiri alilileta nyumbani.

"Baba, tulijaze Jumamosi?" Sitara aliuliza.

"Unajua linameza maji kiasi gani hilo? Zaidi ya ndoo mia moja! Subiri mgao uishe."

Lakini Sitara alikuwa ameshatamba shuleni kwamba kwao kuna bwawa la kuogelea. Amira, aliyekaa naye dawati moja, alimcheka mbele ya darasa zima la sita.

"Bwawa, Kariakoo? Acha kutupiga kamba! Hata pa kuanikia nguo hamna."

"Njoo Jumamosi uone!"

"Nakuja. Na nisipoliona, Jumatatu nawatangazia wote kuwa wewe ni muongo."

Jumamosi asubuhi, baba yake akiwa dukani, Sitara alilipandisha bwawa juu ya paa, akalijaza upepo kwa pampu ya mkono, akachomeka mpira wa maji kwenye koki ya tangi. Maji yalianza kuingia taratibu. Mara akasikia sauti ya mama yake.

"Sitara! Kimbia sokoni uniletee nazi na bamia."

Angesema ana kazi, angeulizwa kazi gani. Aliacha koki wazi, akidhani atarudi kabla bwawa halijajaa. Sokoni palikuwa pamefurika watu, na muuza nazi hakuwa na chenji. Aliporudi juu, maji yalikuwa yakimwagika pande zote za bwawa na kutiririka hadi kwenye mfereji wa mvua, yakapotelea uchochoroni. Alifunga koki upesi, kisha akaligonga tangi kwa ngumi. Lililia kama debe tupu.

Kabla hajajua afanye nini, Amira alitokea kwenye ngazi.

"Kumbe kweli, bwana!" alisema, akavua viatu na kujitupa majini. Sitara naye akaingia, ila hakusikia raha yoyote. Haukupita muda, makelele yakazuka uani.

Walichungulia. Wapangaji walikuwa wamemzunguka Angela, mwanamke wa Masasi aliyepanga chumba cha chini na mwanawe Goodluck. Angela alifua nguo za watu kwa malipo.

"Ni huyu!" alifoka mama mmoja wa ghorofa ya tatu, ndoo tupu mkononi. "Tangu asubuhi yuko hapo bombani!"

"Nimejaza mabeseni mawili tu," alijibu Angela. "Mabeseni mawili yanakausha tangi? Na mchango natoa mara mbili kwa ajili ya kazi yangu. Mwulizeni Baba Sitara."

Bushiri, aliyekuwa ameitwa kutoka dukani, hakutaka kusikia. "Umetumalizia maji, Mama Goodluck! Mmekuja mjini juzi tu, mnataka mnywe mji mzima? Leo leo namwambia mwenye nyumba akutoe."

Akapiga teke beseni. Nguo nyeupe za wateja zikatawanyika kwenye matope. Goodluck alirukia mbele, machozi yakimtoka. "Usimguse mama yangu!" Bushiri akamsukuma kando.

"Nyamaza tu," Amira alimnong'oneza Sitara. "Wakitawanyika tunalimwaga. Nani atajua?"

Sitara alimwona baba yake akilifuata beseni la pili. Akashuka ngazi mbio.

"Baba, acha! Si yeye. Ni mimi!"

Watu wakageuka. Nguo zake zilikuwa zikichuruzika maji.

"Umefanya nini?" Bushiri aliuliza.

"Nimejaza bwawa. Halafu nikaacha koki wazi."

"Kumbe mharibifu yuko nyumbani kwa msimamizi!" alisema yule mama wa ghorofa ya tatu. Wengine wakaguna, mmoja akatema mate chini. Bushiri aliinua mkono ampige bintiye, akaushusha. Alipanda juu kujionea, akarudi na ndoo, akampa bintiye.

Mchana ule Sitara alishusha maji ya bwawa ndoo kwa ndoo kwa ajili ya vyoo. Hakuna mpangaji aliyempa pole. Bushiri aliita boza, na kwa kuwa ni siku za mgao, mwenye boza alitaja bei anayoitaka. Fedha za kuagizia mzigo mpya wa duka zikaishia humo. Alasiri tangi lilikuwa limejaa.

"Mama Goodluck, nisamehe," Bushiri alisema. "Maji yamerudi."

Angela hakuacha kukamua nguo. "Maji yamerudi kwa boza, Baba Sitara. Jina langu litarudi kwa kitu gani? Mwenye mgahawa hapo ng'ambo ameambiwa mimi ni mwizi wa maji, kaja kachukua vitambaa vyake vya meza vichafu vilevile." Akamtazama Sitara. "Na wewe umesema kweli, sikatai. Lakini umesemea hapa uani tu. Uongo umeshavuka barabara."

Sitara alimwelewa. Alianzia ghorofa ya tatu, baba yake nyuma.

"Shikamoo. Aliyemaliza maji si Mama Goodluck. Ni mimi."

Mlango ukafungwa kwa kishindo. Wa mlango wa pili alimtukana kwanza. Kwenye wa tatu Bushiri mwenyewe akasema, "Na mimi nilimsingizia mbele za watu." Wakavuka barabara hadi mgahawani. Mwenye mgahawa aliwasikiliza, uso umekunjwa, kisha akamkabidhi Sitara furushi.

"Mrudishie. Mwambie navihitaji Jumatatu."

Angela alilipokea furushi, akalifungua, akaangalia kitambaa kimoja kimoja.

"Wanasema maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Ya tangi yana boza. Jina la mtu likimwagwa halina boza, mwanangu. Aliyelimwaga analizoa mwenyewe, mlango kwa mlango, na kila anavyochelewa kusema ndivyo milango inavyozidi. Kosa lako liseme kabla mwingine hajalibeba."

"Nimesikia, mama. Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini si leo." Akamsukumia beseni kwa mguu. "Shika sabuni. Zile nguo alizozipiga teke baba yako bado zina matope."

Sitara alikunja mikono ya gauni, akachuchumaa karibu na Goodluck, akaanza kufua.