Kiti cha Květoslav

Ukurasa ulijigeuza wenyewe.

Bohdana Vrbková aliuona, akaendelea kupiga fidla yake kama kawaida. Katika okestra yao ya mji wa Kroměříž, Ucheki, wapiga fidla hukaa wawiliwawili mbele ya karatasi moja ya muziki, na mmoja wao ndiye hugeuza kurasa. Kwa miaka thelathini aliyemgeuzia Bohdana alikuwa mzee Květoslav, naye walimzika Februari. Kiti chake kilikuwa kitupu, kimewekewa ua jeupe kwa heshima, lakini harufu ya pipi zake za minti ilikuwa palepale.

"Asante, Květo," alinong'ona. Mtu akikugeuzia ukurasa unamshukuru, ndivyo walivyozoea. Wala hakuogopa. Alifarijika, maskini, na hapo ndipo alipoharibu.

Wiki ya tamasha la watunzi wa Kicheki ilipofika, kiti hicho alipewa binti wa Bohdana, Apolena, kwa majaribio. Akipiga vizuri Jumapili, kazi ni yake. Akiboronga, anarudi kuuza viatu. Siku ya kwanza tu ya mazoezi msichana alimgeukia mama yake, uso umempauka.

"Mama, mimi sijagusa karatasi. Imegeuka yenyewe. Na mkono wangu wa kushoto umekufa ganzi."

"Nyamaza, piga."

Bi Šebestová, mtunza ukumbi, aliwasikia, akamvuta Bohdana nyuma ya pazia.

"Unamshukuru kila siku, wewe. Sasa anadhani bado yuko kazini," alisema kwa sauti ya chini. "Mfukuze. Mwambie kiti kina mwenyewe. Na usimwombe kitu, hata kidogo."

"Nitamfukuzaje Květo? Alikuwa mtu mwema."

"Alikuwa."

Jumapili saa tisa mchana ukumbi ulijaa, jua likiwaka madirishani, na Apolena akaanza vibaya: alikosa noti ya kwanza, akakosa ya pili, kiongozi wa okestra akamtupia jicho, na Bohdana, aliyekuwa amekariri tangu asubuhi maneno ya kumfukuza marehemu, akahisi baridi ikipanda kutoka kwenye kile kiti, ikampitia magotini, ikamfika kooni, akamtazama mwanawe anayetetemeka na kazi inayomponyoka mbele ya watu mia tano, na maneno yaliyomtoka yakawa mengine kabisa.

"Květo, tafadhali. Msaidie mwanangu."

Baridi ikakatika. Mkono wa Apolena ukatulia, fidla ikalia vizuri mno, watu wakafuta machozi, na mwisho wakasimama wote kupiga makofi.

Bohdana alimkumbatia bintiye akilia kwa furaha. "Apolena, mwanangu, umepita! Kazi ni yako!"

Msichana, pumzi yake ikinukia pipi za minti, alikuwa akivitazama vidole vyake, akivikunja na kuvikunjua polepole kama mtu anayejaribu glavu mpya.

"Apolena ni nani?" aliuliza.