Sauti ya Kumi na Moja

"Unamgeuza mtoto wa watu miwani!" alifoka mke wa mjomba, huku akipanga tiketi kwenye kisanduku chake.

"Miwani gani inayokula sahani mbili?" mjomba akamjibu. "Tena inaomba mchuzi."

"Usinichekeshe, nimekasirika. Hiyo filamu hujaigusa hata dakika moja, na watu wanaingia saa nane. Utafasiri nini?"

"Kama siku zote, mke wangu. Yeye atasoma, mimi nitasema."

Mtoto wa watu aliyekuwa akigombaniwa ni mimi. Mjomba alikuwa mfasiri wa sinema. Alikaa nyuma ya ukumbi, kwenye kichumba cha projekta, akawasemea kwa kipaza sauti watu wa kwenye filamu, kwa Kiswahili. Macho yake yalipoingia ukungu, nilianza kukaa ubavuni mwake na kumnong'oneza maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha. Shule niliiacha kidato cha pili, ila kusoma hakukuniacha.

Mjini kwetu mtu akitaka sinema ana pa kwenda. Juu ya jengo jipya la maduka kuna ukumbi wenye kiyoyozi na viti vya kuzama, lakini huko unajisomea mwenyewe. Kule stendi kuna mabanda ya video, ila mpira ukianza filamu inakatwa, hata kama mtu amebakiza pumzi moja afe. Kwetu viti vilikuwa vya mbao, na kati ya feni nne moja tu ndiyo iliyozunguka. Lakini kila Jumamosi mchana tulionyesha filamu za samurai, wale wapiganaji wa upanga wa Kijapani, na watu walimfuata mjomba. Walimwita Sauti Kumi. Alikuwa na sauti ya bwana mkubwa, ya mzee, ya mtoto, ya mwoga, ya bibi aliyebaki na meno mawili. Kumi kamili, wala hakuzichanganya hata siku moja. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake yote. "Macho yaende," alizoea kusema, "mradi koo libaki."

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakuvumilia kimya. Mtu akionekana kwenye picha bila kusema, mjomba alimtungia maneno. Watu walipenda hayo kuliko filamu yenyewe.

Filamu ya Jumamosi ile ilitoka kwenye fungu la diski alilolinunua kwenye duka la video lililofungwa. Diski haikuwa na jina. Ilianza kama nyingine zote: bwana mkubwa anawaita samurai wake, mmoja mmoja, kila mmoja na kiapo chake. Mimi nikisoma, mjomba akisema, ukumbi ukishangilia. Picha ilipofika chumba cha tatu cha jumba la bwana mkubwa ndipo nilipomwona mtu wa kwenye kona. Alikuwa amekaa chini, upanga magotini, amewapa wote mgongo. Picha ikahamia chumba cha mtoto mgonjwa. Alikuwepo. Ikahamia mtoni. Alikuwepo, amekaa vilevile, maji yakimpita.

"Mjomba," nilinong'ona, "kuna mtu hasemi."

"Tangu lini?"

"Tangu chumba cha tatu."

Watu walikuwa wamekwisha kumwona. "Sauti Kumi! Mpe na huyo wa kona!" mmoja alipaza. "Amenuniwa na mkewe!" mwingine akadakia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Lakini picha ilikuwa imerudi chumba cha bwana mkubwa, na humo mlikuwa na watu kumi wanaosema. Niliwahesabu baadaye kichwani, mara nyingi. Sauti zote zilikuwa kazini. Mjomba akavuta pumzi, akatumia iliyobaki, ile anayoombea maji nyumbani. Sauti yake mwenyewe.

"Jamani, mimi nimechoka kukaa peke yangu."

Watu walicheka hadi wakapiga viti. Yule mtu akainua kichwa.

"Asante," spika zikasema.

Ilikuwa sauti ya mjomba. Nilimgeukia nitabasamu. Alikuwa amekifunika kipaza sauti kwa kiganja. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

"Nilikuwa nimesubiri sana," spika zikaendelea, taratibu.

Mjomba alifungua kinywa. Midomo ilisema, si mimi. Hakuna kilichotoka.

Nilibonyeza kitufe cha projekta. Taa yake ikazimika. Picha haikuzimika. Nikachomoa waya. Plagi ilikuwa mkononi mwangu, na picha ilikuwa ukutani.

Nikaukimbilia mlango. Kitasa kilizunguka vizuri. Mlango haukuja. Nilivuta kwa mikono miwili, nikaweka na mguu ukutani. Nikagonga. Nikapiga kelele. Kichumba kile kina upana wa meza moja. Hakina dirisha ila lile tundu la kurushia picha. Nikachungulia hapo. Watu walikuwa bado wanacheka. Kicheko kilekile. Hakipandi, hakishuki. Feni ilikuwa imesimama.

Maandishi yakatokea chini ya picha. Yalikuwa ya Kiswahili.

SOMA.

Mdomo wangu ulianza kufunguka. Ulikwisha kuzoea. Mjomba akaniziba kwa kiganja. Kiganja kilikuwa cha baridi.

SOMA NA WEWE.

Nikafumba macho.

"Mwanangu," spika zikanibembeleza, "nipe maji." Kwa sauti ile. Kwa upole uleule.

Nikasikia mchakacho wa nguo. Mtu anainuka. Mtu anageuka. Sikufumbua macho. Mjomba ndiye aliyeangalia, kwa macho yake yenye ukungu, na mwili wake wote ukakakamaa mgongoni mwangu.

Siku mbili baadaye nilimpa kalamu, nikamuuliza aliona uso wa nani. Aliandika neno moja. *Wangu.*

Mlango ulifunguliwa na mke wa mjomba, tena kwa mkono mmoja tu. "Mmejifungia nini? Filamu imekwisha, sasa ni nusu saa nzima." Nyuma yake palikuwa na jua la alasiri. Watu walikuwa wamekwenda zao, wakimwambia mlangoni kwamba haijapata kuonyeshwa nzuri kama hiyo. Nilifungua mashine nitoe diski. Haikuwamo.

Tangu siku hiyo mjomba hajatamka. Daktari alimmulika kooni, akasema koo ni zima. Watu wake wamehamia kule kwenye kiyoyozi. Yeye anakaa nami sebuleni na daftari lake, na mtu akikohoa barabarani anashtuka.

Jana, saa nne asubuhi, mke wa mjomba alikuwa ametoka kwenda dukani. Mimi na mjomba tulikuwa tunakunja nguo. Mlango ukagongwa mara mbili.

"Mwanangu, nifungulie. Ni mimi, mjomba wako."

Mjomba alikuwa mbele yangu, soksi mkononi. Alitikisa kichwa, hapana, hapana, machozi yakimshuka. Nyumba yetu ina mlango mmoja. Tulikaa bila kusogea, nguo mapajani. Aliyekuwa nje akasubiri. Kisha akasogea karibu na ubao, akasema kwa upole:

"Kama mjomba wako yumo humo ndani, mwambie aitike."