Blanketi la Odilo

Jua lilikuwa linazama nilipoingia stoo ya kiwanda cha kuchemsha magome ya miti ya miwati, Njombe, na blanketi la shemeji yangu Odilo begani. Ilikuwa mwaka 1955. Dada yangu Oktavia ndiye aliyenituma. Siku tisa tangu tumzike mumewe, hakuwa amepata usingizi.

"Kaka, Odilo hajafika nyumbani," aliniambia. "Kamlete."

Kwetu mtu akifia mbali, mwili hubebwa kwanza, kisha ndugu huifuata roho yake. Unakwenda na nguo yake, unamwita pale alipoangukia, unambeba hadi kaburini. Njiani husemi na mtu. Ukifungua mdomo, umempoteza.

Ilinipasa mimi, maana mimi ndiye niliyemuua. Nilikuwa dereva wa foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo. Kiwanda kilikuwa nazo mbili: ile kubwa ilibeba magome uwanjani. Yangu ndogo ilipandisha magunia ndani ya stoo hadi karibu na bati. Gunia la juu likikaa vibaya, mtu alisimama kwenye mikono ya mashine nikampandisha akalinyooshe. Mzungu msimamizi wetu alikuwa amekataza. Lakini lori la Makambako lilikuwa linasubiri, na haraka haraka haina baraka. Odilo alipanda, nami nikageuza mashine kabla hajashika kitu, akaanguka toka juu.

Tangu siku ile hakuna aliyeigusa mashine hiyo. Mikono yake ilikuwa bado juu, injini baridi. Stoo ilinuka magome yaliyochemshwa.

"Odilo," nikanong'ona. "Twende nyumbani."



Mnyororo ukalia. Krii... krii... Mikono ya chuma, mitupu, ikaanza kushuka polepole. Ikagusa sakafu.

Blanketi likawa zito.

Nililia, sitaficha. Nikatoka nimeinama, nikashika njia ya nyumbani.

Nje ya geti alisimama mzee Efraimu, mpagazi wa zamani. Foklifti zilipoletwa, wapagazi kumi na wawili waliachishwa kazi, naye akaapa kwamba chuma kile kitakula watu.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimu kwa Kibena.

Nikapita.

"Kamwene," akarudia kwa upole. "Siku hizi hamsalimii wazee?"

Mtoto wa Kibena asiyeitikia salamu ya mkubwa hana kwao. Mdomo ukatangulia akili.

"Kamwene, baba."

Blanketi likawa jepesi.

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Nilisikia tu hatua za watu wawili zikiingia kwenye miwati... mmoja akiburuzwa.

Baadaye niliambiwa kwamba Efraimu alikuwa Makambako wiki nzima, mgonjwa wa kitandani. Wengine husema mchawi hahitaji miguu. Mimi sijui.

Oktavia alikuwa ananisubiri kaburini. Alilipokea blanketi kwa mikono miwili, akalilaza juu ya udongo, akalipapasa.

"Karibu nyumbani, baba Idda." Kisha akanitazama. "Alikusumbua njiani?"

"Hapana," nikasema. "Alikuja vizuri."

Usiku ule dada yangu alilala. Mimi nilikaa mlangoni hadi kukapambazuka, nikisikiliza upande wa miwati.